Punda Hakuna Hapa

Enzi zetu, Nyakasanza haikuamshwa na pikipiki. Iliamshwa na kwato. Kama ulikulia katika barabara zetu zile za vumbi jekundu, kabla vita havijatutawanya, nadhani unakumbuka: ko-ko, ko-ko, taratibu, halafu mgongano mdogo wa bidoni za maziwa, na sauti ya mwanamke akisalimia watu kutoka juu, juu kuliko ua wa minyaa, kama mtu aliyesimama kwenye ngazi. Mwanamke huyo alikuwa mama yangu. Watoto waliokuwa wakirushiana miguu katika mchezo wa nzango waliacha mguu mmoja hewani ili wamtazame. Waliokuwa wakila mikate ya moto ya Mama Zawadi walisahau kutafuna.

Vijana wa leo wakiona farasi kwenye simu wanasukuma kioo kwa kidole na kupita. Siye tulimwona mzima. Tulinusa jasho lake, linalofanana na ngozi ya kiatu kipya na majani yaliyolowa. Tulichapwa na mkia wake usoni tukidhani anacheza nasi, kumbe anafukuza nzi.

Jina lake lilikuwa Mamzele. Babu, baba wa mama, alikuwa mtunza farasi kwenye shamba la mzungu mmoja huko kwenye milima ya upande wa Bule. Mzungu alipoondoka hakubeba farasi, naye Babu aliendelea kuwachunga kana kwamba bwana atarudi kesho. Mamzele alizaliwa katika mikono ya mama, wakati mama bado ni msichana. Mama alipoolewa Bunia alikuja na mabegi mawili, sufuria, na farasi jike mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Ukwato wake wa mbele wa kushoto ulikuwa na pengo kama jino lililovunjika, tangu alipokanyaga jiwe akiwa mdogo. Kwa alama hiyo tuliujua mguu wake popote vumbini.

Siku ya mama ilianza alfajiri. Aliwasha moto, akatenga chai, akamwosha mdogo wetu Bahati. Kisha alikwenda kibandani na bisibisi kuukuu lisilo na ncha, akainua miguu ya Mamzele mmoja mmoja na kutoa mawe kwenye kwato. Kisha alimchana Mamzele mkia, halafu akanichana mimi, halafu mdogo wangu Neema. Chanuo lilikuwa moja. Tandiko lilikuwa la zamani za mzungu, na mkanda wake wa tumboni mama alikuwa ameutengeneza kwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Alivaa suruali ya baba chini ya kitenge, akamfunga Bahati mgongoni, akapanda, akaenda nje ya mji kwenye zizi la ndugu zake kuchukua maziwa. Kabla ya kengele ya shule alikuwa amerudi, ananikagua kucha.

Koko, mama wa baba, aliishi nasi. Alikaa saluni, yaani sebuleni, kwenye kiti cha mbao, miguu yake imevimba, na kutoka pale alitawala nyumba nzima kwa mdomo.

“Weye unachana mukia ya nyama mbele ya kichwa ya mutoto,” alimwambia mama.

“Mukia haina chawa, Koko. Watoto ndio wananichelewesha.”

“Mwanamuke gani huyu. Iko na bwana mbili. Moja iko mu migodi ya zahabu, ingine iko mu kibanda.”

“Ule wa kibanda analala nyumbani kila siku,” mama alijibu, na Koko aligeuza uso ukutani ili tusione kwamba anacheka.

Sitaki mtu adhani ilikuwa rahisi. Nakumbuka mchana ambao Neema alishikwa na malaria na Mamzele akashikwa na tumbo siku hiyo hiyo. Farasi akiumwa tumbo hapaswi kulala chini, lazima atembezwe. Basi mama alimtembeza uani, mkono mmoja umeshika kamba, mkono mwingine umembeba Neema anayewaka moto, Bahati mgongoni analia. Walizunguka hivyo tangu saa sita mpaka jua lilipoinama. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha maji. Sikujua nimpelekee nani kwanza. Nilifikiria sana mpangilio ulio sahihi, na mwishowe sikumpelekea yeyote.

Ndivyo nilivyokuwa, na nisiseme nimepona. Herufi moja ikiinama kwenye daftari, nilichana ukurasa na kuandika upya wote. Nikidanganya hata jambo dogo, nilitapika. Mama alijua. Aliniambia tumbo langu ni la padri.

Halafu kilikuja kitabu. Baba mdogo alikileta kutoka ng’ambo ya ziwa, kikapitia Tchomia kati ya magunia ya samaki, na mpaka leo nikikifikiria nasikia harufu ya samaki waliokaushwa. Kilikuwa cha picha za wanyama, na chini ya kila picha kuna jina kwa Kiswahili cha huko mbali. Shule ilikuwa imeanza kufungwa wiki moja, kufunguliwa nyingine, kisha ikafungwa moja kwa moja, kwa hiyo kitabu hicho kikawa shule yangu. Nilijifunza peke yangu. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili palikuwa na mnyama mwenye masikio marefu aliyebeba gunia: Punda. Kwenye ukurasa wa kumi na tatu palikuwa na mnyama kama wetu, shingo juu: Farasi.

Nilishtuka. Nyakasanza nzima ilikuwa ikimwita Mamzele punda. Nanyi mnajua sababu: Kilingala kinamwita farasi mpunda, na Bunia tunachanganya lugha kama sombe ya majani ya muhogo na mafuta. Lakini mimi nilikuwa na miaka minane na kitabu. Niliona mtaa mzima umekosea, na hakuna mwingine wa kuurekebisha.

“Bonjour, mutoto ya mama ya punda,” alisema Mama Zawadi, jirani yetu, akigeuza mikate kwenye mafuta.

“Farasi, Mama Zawadi.”

“Ndiyo, mwalimu. Farasi. Na weye mutoto ya farasi, leo unakula mikate ngapi?”

Nilimrekebisha fundi wa baiskeli. Nilimrekebisha katekista. Koko nilimrekebisha kila siku, na kila siku alisema punda kwa sauti kubwa zaidi. Mama peke yake hakukosea kamwe. Kwake alikuwa Mamzele, au farasi.

Vita, kwetu watoto, vilikuja kwanza kama ukimya. Wengine watawasimulia milio. Sisi wa mtaa wetu tuliishi zaidi na kukosekana kwa sauti. Mbwa waliacha kubweka, kisha tukagundua hawapo. Familia moja kando yetu iliondoka na kuacha mlango wazi, na redio yao iliendelea kuimba ndani siku tatu, sauti ikizidi kuwa nzito na ya chini kadiri mawe ya betri yalivyoisha nguvu, mpaka ikawa kama mzee anayeguna. Saa sita mchana ndiyo ilikuwa saa mbaya. Vivuli viliingia chini ya miguu, mabati yalipasuka kwa joto, na barabara ililala wazi bila mtu, kama meza iliyoandaliwa halafu wageni wasitokee.

Mamzele alijua kabla yetu. Masikio yake yalisimama, yakageuka pamoja kuelekea barabarani, na mama alisema, “Ingieni.” Tuliingia. Baada ya muda, kweli, tulisikia viatu. Mama aliyasoma masikio yale kama wengine walivyosikiliza habari.

Lakini kulikuwa na siku nyingine, na hizi ndizo zinanirudia. Masikio yalisimama, tukaingia, tukachungulia kwenye pengo la pazia, na hakuja mtu. Barabara ilikuwa tupu. Hata hivyo Mamzele aliendelea kutazama. Kichwa chake kilisogea polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anayefuata kwa macho watu wengi wanaopita mbele ya lango letu bila haraka. Kisha alipumua na kurudi kwenye majani yake.

“Anaangalia wenye wamepita,” Koko alisema.

“Koko, usitishe watoto.”

Lakini nilimwona mama. Wakati kile tusichokiona kilipokuwa kinapita, aliinamisha kichwa kidogo, kama tunavyofanya maziko yakipita.

Mifugo ilipoanza kuchukuliwa mitaani, mama alimhamishia Mamzele ndani ya nyumba. Alimkalisha saluni. Alimfunga kwato kwa vitambaa vya kitenge chakavu ili zisisikike kwenye sementi. Mnyama mkubwa vile alitembea kati ya viti vyenye vitambaa vya kufuma bila mlio wowote, na kioo cha kabati la vyombo kilimwonyesha mara mbili. Ulikuwa unaamka, unatoka chumbani na macho ya usingizi, na unakuta uso ule mrefu umesimama kimya juu yako. Sisi pia tulijifunza kutembea hivyo. Nyumba ya watu watano na farasi ilikuwa kimya kuliko kanisa siku ya kazi.

Na Koko, aliyekuwa amemtukana miaka yote, sasa alikaa naye mchana kutwa. Mamzele aliweka kidevu kwenye mgongo wa kiti chake. Koko alimlisha maganda ya viazi na kumwambia mambo ya ujana wake kwa kunong’ona.

Mama alikuwa na mpango, na alitueleza wote ili kila mtu ajue sehemu yake. Siku tukilazimika kukimbia, tutachukua njia ya kusini, ya Beni, kwa miguu, siku nyingi. Bahati mgongoni. Mimi na Neema tunashika kamba. Koko, ambaye hakuweza kufika hata langoni bila kushikwa pande mbili, atapanda farasi. Hapakuwa na njia nyingine ya Koko. Tulifanya hata mazoezi: tulimsimamisha juu ya kiti, mama akasukuma, Koko akajikuta tandikoni, kichwa chake karibu na dari.

“Sasa miye ndio muzungu,” alisema, na alikaa wima kweli, akanigeukia mimi. “Espe, uniletee kofia.”

Tulicheka tumeziba midomo kwa viganja.

Kisha ikasemekana kuna watu wenye silaha wanatafuta mnyama wa kubebea mizigo. Walikuwa wamesikia kwamba Nyakasanza kuna mama mwenye mpunda. Mama aliniita. Nyumba iliyofungwa kabisa huvunjwa, alisema, lakini nyumba yenye mtoto anayeosha vyombo uani huonekana haina kitu. Mtoto huyo nitakuwa mimi, kwa sababu Neema angelia. Mama mwenyewe atakuwa saluni, mkono juu ya pua ya Mamzele.

“Wakiuliza punda, utasema: punda hakuna hapa.”

Nilianza kuhisi tumbo langu. Aliliona. Alikwenda akaleta kitabu changu, akafungua ukurasa wa kumi na mbili, akaweka kidole kwenye yale masikio marefu.

“Hii ni nini?”

“Punda.”

“Siye tuko na ya vile?”

“Hapana.”

“Basi si uongo. Punda hakuna hapa. Utasema ile tu, kisha utafunga kinywa. Umesikia, Espe? Usiongeze neno.”

Nimekuwa mtu mzima, nimesoma mengi niliyoweza kuyapata, na bado sijaona mtu akimtengenezea mwenzake sentensi kwa upendo namna ile. Alilijua tumbo langu. Alinishonea maneno yanayolitosha, kama gauni.

Walikuja saa sita. Walikuwa wawili, watu wazima, mmoja mrefu amevaa sweta ya kike ya rangi ya waridi juu ya nguo za kazi, ingawa jua lilikuwa kali. Mwingine alikuwa anatafuna muwa. Hawakufoka. Yule wa sweta alisukuma lango kwa kidole kimoja na kusimama pale pale.

“Bonjour, mwana. Mpunda ya mama eza wapi?”

“Punda hakuna hapa,” nilisema.

Tumbo lilitulia. Sauti yangu ilikuwa safi. Nilijisikia fahari, nakiri hilo, kama mtu aliyejibu vizuri ubaoni.

Alitazama kibanda kitupu. Mama alikuwa amekifagia vizuri. Alitazama sufuria zangu, nilizokuwa nimezipanga kuanzia kubwa hadi ndogo. Kisha akageuka kwa mwenzake.

“Hakuna. Nilikuambia.”

Yule wa muwa alitema makapi. “Ule mutu alituambia ni mulevi. Ameona ngombe, anaita mpunda. Watu ya hapa hawajue hata punda ni nini.”

Walikuwa wameshatoka. Lango lilikuwa linarudi lenyewe. Nilikuwa nimebakiza kitu kimoja tu cha kufanya duniani, nacho ni kunyamaza.

“Si punda,” nilisema. “Ni farasi.”

Sikuamua kusema. Sijui namna ya kulieleza hili kwa mtu ambaye hana ugonjwa wangu. Walikuwa wamesema hatujui, na mimi nilijua. Lilitoka kama chafya.

Lango likafunguka tena.

“Unasema nini?”

Ningeweza bado. Ningeweza kulia, au kusema ninasoma kitabu. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali, nami nilikuwa na jibu sahihi.

“Punda ni ya masikio murefu. Yetu ni farasi.”

Yule wa sweta aliinama hadi usawa wa macho yangu. Kisha akatabasamu, tabasamu la kweli, la mtu mwenye watoto.

“Mersi, mwalimu,” alisema.

Hawakuhitaji kuvunja mlango. Mama aliufungua mwenyewe. Alimtoa Mamzele polepole, akachuchumaa mbele yao, Bahati mgongoni, akafungua vitambaa vya kwato kimoja kimoja na kuvikunja. Akainua ule mguu wa kushoto wa mbele.

“Huu iko na pengo,” aliwaambia. “Musimupitishe mu mawe.”

Yule wa muwa aliitika, “Ndiyo, mama,” kwa heshima, kama anayepokea dawa ya mgonjwa.

Waliondoka naye. Ko-ko, ko-ko. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwato zake baada ya wiki nyingi, na mtaa mzima uliokuwa umejificha nyuma ya mapazia uliusikiliza mlio ule ukipungua. Kwenye kona Mamzele alisimamisha masikio na kugeuza kichwa, kutoka kushoto kwenda kulia, akatutazama sote kama tulivyozoea kumwona akiwatazama wale wengine.

Ndani, hakuna aliyeniuliza kitu. Mama alikaa sakafuni. Alisema, bila kumtazama mtu, “Ni mavi. Walisikia harufu ya mavi.”

Nami nikaacha iwe mavi. Tumbo langu, lililokuwa halivumilii uongo wa kipande cha sukari, lilinyamaza kabisa.

Siku ya kukimbia ilifika kabla ya mwezi kuisha. Barabara ya kusini ilikuwa imejaa vichwa na magodoro. Tulijaribu kumbeba Koko kwenye kiti chake, mama mbele, mimi na Mama Zawadi nyuma. Tulifika langoni, tukamweka chini, tukamwinua tena, tukafika kwa fundi wa baiskeli. Hapo Koko alimpiga mama kiganja cha mkono.

“Munirudishe. Mutakufa wote kwa sababu ya matako yangu.”

Mama Zawadi alisema naye harudi nyuma wala haendi mbele, magoti yake ni mabaya pia, atabaki na Koko. Tulimrudisha saluni. Koko alinivuta sikio, si kwa nguvu.

“Espe. Chunga mama yako,” alisema. Kisha akatazama mahali alipokuwa akisimama Mamzele. “Nitachunga nyumba.”

Njiani, siku ya tatu au ya nne, Neema alilia kwamba amechoka, na mama akamwambia, “Kama punda yetu angekuwa hapa, ungepanda.”

Nililisikia. Maneno yaliyokosewa nilikuwa nayasikia hata usingizini. Nilifikiri ni uchovu. Lakini kesho yake alisema tena punda, na siku iliyofuata pia, na tangu siku zile sijawahi kumsikia mama yangu akisema farasi.

Tulirudi baada ya miezi mingi, baba akiwa ametukuta Beni. Nyumba ilikuwa imesimama. Mama Zawadi alikuwa amekonda kiasi kwamba nilimtambua kwa sauti. Koko alikuwa nyuma ya nyumba, chini ya udongo, na mawe meupe pembeni.

“Hakuguswa na mutu,” Mama Zawadi alimwambia mama. “Alilala tu. Watu ya silaha walifika, walikunywa tembo, walienda. Siye hawakutuona hata.” Alifuta mikono kwenye kitenge ingawa ilikuwa mikavu. “Lakini siku za mwisho, Mama Espe, kila saa sita alikuwa ananiambia: punda iko kwa mulango, umufungulie. Miye nilisema ni homa.”

“Haukufungua?”

“Nilisikia. Sikufungua kwa sababu nilisikia. Ko-ko mpaka hapa. Kisha kimya. Kisha kitu inapumua kwa tundu ya ufunguo.” Alimtazama mama kwa macho ya mtu anayeomba asihukumiwe. “Nani angefungua siku zile? Ungefungua weye?”

Mama alikwenda kwenye mlango wa saluni. Mvua ilikuwa imenyesha na jua kukausha tope, na mbele ya kizingiti palikuwa na nyayo, nyingi, moja juu ya nyingine, mpaka ardhi imekuwa kama unga uliokandwa. Mama alipiga magoti. Aliweka kidole kwenye moja, kwenye pengo.

“Punda yangu alirudi,” alisema.

Mimi nilifanya ninachokifanya siku zote. Nilihakiki. Nilizipitia zote, uani kote, mpaka barabarani. Kila unyayo ulioonekana vizuri ulielekea mlangoni. Nilitafuta hata mmoja unaoondoka, sikuupata. Nadhani mvua ilikuwa imezifuta. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Hatukumwona tena.

Miaka michache iliyopita nilifanya jaribio. Nilimwomba Neema, ambaye sasa ana watoto wawili na hana muda wa mambo yangu, asimame langoni saa sita mchana na aseme kwa sauti ya kawaida: si punda, ni farasi. Hakuniuliza kwa nini. Mimi niliingia saluni, nikafunga mlango, nikasimama mahali mama aliposimama, mkono mbele yangu kama nimeshika pua ya mnyama. Ni hatua kumi na tano kutoka pale hadi langoni. Nilikuwa nimejiambia maisha yangu yote kwamba ukuta ni mnene.

Nilisikia kila neno. Nilisikia hata Neema akivuta pumzi kabla ya kusema.

Nilimfuata mama uani. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, nywele zake nyeupe zimesukwa mistari. Nilikaa chini, nikaanza, “Mama, ile siku ya Mamzele, langoni, miye ndiye...”

“Mavi, Espe,” alisema, bila kuinua kichwa. “Ilikuwa mavi.”

Akaendelea kutoa mawe kwenye maharage.

Bunia ya leo imejaa sauti. Pikipiki zinaanza kabla ya jogoo, muziki unatoka kila duka, na vijana wanaandikiana kwenye simu maneno yasiyo na irabu, na wala tumbo haliwaumi. Nawaonea wivu. Enzi zetu tulikuwa na farasi mmoja kwa mtaa mzima, mikate ya moto, nzango mpaka miguu ikauma, na mama aliyeweza kubeba mgonjwa mkono mmoja na kumtembeza mgonjwa mwingine kwa mkono wa pili. Hatukuwa na simu ya kutuambia nani anakuja. Tulikuwa na masikio mawili mekundu.

Ila saa sita bado ipo. Pikipiki hupumzika chini ya miti, mabati hupasuka kwa joto, na mama huinuka kutoka kwenye kiti kilichokuwa cha Koko, huenda kufungua lango, kisha mlango wa saluni. Hufungua kabisa. Juzi kijana mmoja wa pikipiki aliyekuwa akimletea unga alisimama kumshangaa.

“Mama, unaacha milango wazi hivi? Wezi iko mingi siku hizi.”

“Nangojea punda,” mama alimwambia.

Kijana alicheka, akanigeukia mimi, kwa sababu mtaani wanajua ndimi ninayesahihisha watu. Alingoja. Mama naye alingoja, ameshika fremu ya mlango, kichwa chake kimeinama kidogo kuelekea barabara tupu.

“Ndiyo,” nikamwambia. “Tunangojea punda.”